Kivuli cha Taviro

Siku kivuli cha Taviro kilipotoweka ilikuwa siku ya gulio, na wa kwanza kugundua hakuwa Oreshi, mpenzi wake. Alikuwa Bi Keldra muuza jibini, mwanamke ambaye pale sokoni hapitwi na kitu, iwe mimba, iwe ugomvi wa mke na mume.

"Jamani, hebu tazameni ukutani!"

Watu wakatazama. Kwenye ukuta mrefu wa ghala la shayiri, jua la asubuhi lilikuwa limechora kila kilichopita: mbuzi, mitungi, wanawake na vikapu vyao. Katikati yao kulikuwa na kivuli cha nyumbu aliyebeba magunia ya chumvi. Kamba yake ilikuwa imenyooka mbele, imekazwa, ikivutwa na mtu asiyekuwepo.

Lakini mtu alikuwepo. Taviro alikuwa anatembea mbele ya nyumbu wake kama kila siku ya gulio, kofia imeinama upande, anatabasamu peke yake. Mifuko ya koti lake ilikuwa imevimba kwa mawe.

"Wewe mtu wa chumvi!" Bi Keldra akamwita. "Kivuli umekisahau kwenye godoro la nani?"

Kicheko kikalipuka soko zima.

"Nimekitoa, mama," Taviro akajibu, naye anacheka. "Nimekitoa kwa mapenzi."

Kicheko kikakatika. Pale Hadra kuna mambo ambayo watu hawayatanii, na hilo ni la kwanza.

Oreshi alikuwa anachagua vitunguu. Alimwona Taviro kabla hajauona ukuta, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulifanya kile ulichozoea kufanya kila alipomwona: uliruka. Kisha akaufuata mkono wa Bi Keldra ulionyooshwa, akaona ile kamba ikivutwa na hewa tupu. Vitunguu vikamtoka mikononi vikabiringika hadi chini ya meza.

Kivuli hutolewa na mtu anayekufa. Mgonjwa akishakata tamaa hubebwa hadi juani kwa mara ya mwisho, kivuli chake kikakatwa kwa kisu cha jiwe jeusi, kikakunjwa ndani ya blanketi lililoloweshwa, kikapelekwa kwenye shimo chini ya nguzo za daraja. Huko gizani mshonaji hukishona kwenye jiwe. Uzito wote aliokuwa nao yule mtu duniani huhamia kwenye nguzo, na ndivyo daraja la Hadra lilivyosimama juu ya korongo miaka yote bila chokaa wala chuma. Baada ya siku chache kivuli hupanda juu ya jiwe kama unyevu, kikaonekana, na jamaa wa marehemu huja kumsalimia.

Mshonaji mwenyewe alikuwa Oreshi. Alipewa sindano ya mfupa na mama yake, Bi Mavdula, mikono ya mama ilipoanza kutetemeka. Alishona kwa kupapasa, kwa sababu mwanga ukikigusa kivuli kilichokatwa kinayeyuka. Na desturi ilimkataza kuuliza ni cha nani, ili asimshone mmoja kwa upendo na mwingine kwa kulipua.

Wiki ile ile alikuwa ameshona kimoja.

Sasa, amesimama kati ya vitunguu, akakumbuka kila kitu. Alikumbuka alivyokifunua kile kivuli gizani akashtuka, maana vivuli vya wanaokufa ni baridi kama nguo iliyolala kambani usiku. Kile kilikuwa na joto.

"Mama!" alipiga kelele kuelekea mdomo wa shimo. "Mbona hiki kina joto?"

"Alikuwa na homa," sauti ya mama yake ilishuka. "Shona."

Akashona. Sindano ilipofika mbavuni kivuli kilijikunja kama mtu aliyetekenywa, na Oreshi akacheka peke yake mle shimoni, halafu akaona haya kwa kumcheka marehemu. Ili kumwomba radhi akamshona kwa mshono wa kurudi, ule ambao uzi unapita mara mbili katika kila tundu, mshono ambao washonaji huwawekea watu wao wenyewe.

Akaviacha vitunguu pale pale, akamshika Taviro kwenye mkono wa koti, akamvuta nyuma ya ghala. Alimvuta kama unavyovuta mtoto, na mtu mzima yule akaja mwepesi, bila kutaka.

"Nani kakikata?"

"Polepole, Ore. Utanirusha." Bado alikuwa anatabasamu. "Mjomba wako Brukal. Na mama yako alikuwepo. Mbona umekasirika? Nilidhani utanirukia shingoni."

"Walikwambia nini?"

"Kwamba mgeni anayetaka kuoa Hadra lazima aonyeshe anaipenda Hadra. Nikilipa daraja kivuli changu, hakuna atakayefungua mdomo kunipinga." Akashusha sauti. "Mama yako alinishika mkono. Akaniita mwanangu. Misimu yote hii napanda na chumvi yangu, salamu tu hanijibu. Siku ile akaniita mwanangu, Ore."

"Na wewe ukavua."

"Ningekataaje?"

"Ungeniuliza!"

"Walisema iwe siri hadi leo. Nije nikupe habari njema kwa kinywa changu."

Oreshi akamtazama. Uso ule aliujua kuliko njia ya kwenda kwao: nyusi zilizopauka kwa jua la mabonde ya chumvi, kovu dogo kidevuni, macho yasiyojua kuficha kitu. Mtu wa namna hii, mdanganyifu yeyote angemwona kwa mbali akafurahi.

"Kwenu mnaoanaje?" akamuuliza.

"Si unajua. Unaweka chumvi kiganjani, mwenzako anailamba, na wewe unailamba ya kwake, wazee wanaona. Halafu mnakula mpaka watu wanashindwa kuinuka."

"Na huku tunaoanaje?"

"Kuna ngoma. Kuna pombe ya asali." Akajikuna shingo. "Mnakwenda kwenye kiwanja cha kupuria shayiri."

"Tunakwenda kufanya nini?"

Taviro akatikisa kichwa.

"Tunasimama jua likishuka," Oreshi akasema, na sauti yake ikaanza kupasuka, "mwanamume na mwanamke, migongo kwenye jua, mpaka vivuli vyetu virefuke vilaliane. Wazee wakiona viwili vimekuwa kimoja, hapo ndipo ndoa. Hakuna maneno, hakuna kiapo. Ni vivuli tu. Huku asiye nacho haoi, haitwi shahidi, hatengewi sahani. Anahesabiwa maiti anayetembea. Umenielewa, Taviro? Hawakukufungulia mlango. Wamekufungia, na kufuli umewashikia mwenyewe."

Tabasamu likamtoka taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga. Kabla hajajibu, upepo wa korongo ukaja, ule wa ghafla unaopindua meza za soko. Ukamnyanyua miguu yote miwili. Oreshi akamdaka kwa mkono mmoja, akamvuta kifuani kwake, akamkumbatia, na kilichomliza hakikuwa yale aliyoyasikia. Kilichomliza ni kwamba alimkumbatia yule mwanamume mwenye mabega ya kubeba magunia, akaona amekumbatia nguo.

"Mtu akikwambia vua ngozi yako, utavua?" akamwambia huku analia, anampiga kifuani kwa ngumi, kisha anamshika tena upepo usimchukue. "Eti kwa sababu kakuita mwanangu! Mjinga wewe! Mjinga!"

"Ndiyo," Taviro akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka sana aniite hivyo."

Hapo ngumi za Oreshi zikaisha nguvu.

"Nilikishona mimi," akasema. "Kwa mkono wangu. Nilikutekenya mle shimoni, ukajikunja, na mimi nikacheka."

Taviro akamfuta machozi kwa kidole ambacho hakikuwa na uzito hata wa jani.

"Basi kile kilikuwa wewe," akasema. "Nilikuwa nimelala kibandani, nikashtuka, mbavu zinatekenyeka bila mtu. Nikawaza, hiki kisu cha hawa watu kina mzaha."

Oreshi alitaka kucheka. Badala yake alimfunga kwa mkanda wake kwenye pete ya chuma ya kufungia ng'ombe, akamwambia asiondoke pale, akaenda nyumbani.

*

Mjomba Brukal alikuwa mezani anakula samaki wa moshi, anatoa miba kwa uangalifu wa mtu asiye na haraka. Yeye ndiye msimamizi wa daraja. Misafara yote ya bonde hupita kwa ruhusa yake. Bi Mavdula alikuwa dirishani, mikono ameificha ndani ya shali.

"Mmemfanyia nini?" Oreshi akauliza kabla hajavuka kizingiti.

"Binti akiingia kwa wakubwa hutoa salamu," Mjomba akasema.

"Salamu nitawapa watu. Nauliza, mmemfanyia nini Taviro?"

"Tumempa heshima. Kijana wa kuja, mla chumvi, amekuwa sehemu ya daraja. Kuna wazee wa hapa wamezaliwa, wameoa, wamezeeka, na bado hawajaipata heshima hiyo."

"Wanaipata wakifa, mjomba!"

"Sheria inasema atoe kwa hiari. Haikusema awe anakufa. Mwulize, nani alimshika miguu?"

"Ulimwambia kwamba hataoa?"

Mjomba akaweka mwiba pembeni mwa sahani. "Hakuuliza."

"Hakuuliza kwa sababu hajui! Kwao wanalamba chumvi! Mtu anakuja kwako kuomba mke, wewe unamvua kitu cha kuolea, halafu unakaa unakula samaki?"

"Punguza sauti, majirani watasikia."

"Wasikie! Nitafungua na dirisha!" Akamsogeza mama yake, akasukuma mabawa ya dirisha yakagonga ukuta. "Enyi majirani! Njooni muone msimamizi wa daraja, mwizi wa vivuli vya wachumba!"

Nje kikohozi kikasikika. Bi Keldra alikuwa amesimama hatua chache tu, jibini begani, na hakujisumbua kujifanya anapita.

"Mimi nimesikia vizuri, binti," akasema. "Endelea."

Brukal akasimama, uso umemwiva. "Hebu tuseme ukweli basi. Ulitaka ukaishi wapi? Kule chini kwenye chumvi? Na sindano nani abaki nayo? Mama yako hawezi tena. Ungeondoka na yule mchukuzi, na sisi tubaki na daraja lisilo na mshonaji. Nimeokoa daraja mara mbili kwa siku moja, nguzo imepata kivuli na sindano imebaki na mtu, na mtu wa kunishukuru hayupo."

"Ndiyo hivyo?" Oreshi akasema. Aliongea polepole sasa, na sauti hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Mlinifunga mguu, mkaniambia nishone kamba mwenyewe. Na wewe, mama? Wewe ulikuwa juu ya shimo. Nilikuuliza, mbona kina joto. Ukaniambia homa."

Bi Mavdula hakugeuka.

"Mama, nasema na wewe."

"Njoo," mama yake akasema. "Njoo nikuonyeshe kitu, halafu utanitukana unavyotaka."

*

Chini ya daraja, karibu na nguzo ya tatu, kulikuwa na jiwe lililosuguka kwa kukaliwa. Hapo ndipo Bi Mavdula alipokuwa anakaa kila asubuhi tangu mumewe afariki. Oreshi alikuwa hajafika pale tangu masika. Alikuwa na mambo ya furaha, na wenye furaha hawatembelei nguzo.

Juu ya jiwe la nguzo, babu na bibi za watu wa Hadra walisimama katika weusi wao uliopauka, mmoja juu ya mwingine. Na pale chini alikuwa baba yake: kipara, kiuno kinene, mkono mmoja umeinuliwa kidogo kama alivyozoea akitaka kusema neno mezani.

Nyuma yake kulikuwa na kivuli kingine, kipya, cheusi kama wino. Kilikuwa kinaanza tu kupanda. Mabega mapana, kofia imeinama upande. Mikono yake miwili ilipita chini ya makwapa ya baba yake, ikamshikilia kama unavyomshikilia mlevi asianguke.

Oreshi akafunika mdomo kwa kiganja.

"Baba yako nilimshona mwenyewe," Bi Mavdula akasema. "Ndicho kivuli changu cha mwisho. Hukujua nilivyomshona. Nilikuwa nalia, mikono inacheza, uzi unaruka matundu. Nikajiambia utashika tu. Haukushika. Kila asubuhi nakuja kumsalimia, kila asubuhi amepungua. Kwanza vidole. Halafu mdomo. Wiki mbili nilikuja nikawa nasema na jiwe, Oreshi. Jiwe tupu."

"Mama..."

"Kivuli cha mfu hakiwezi kumbeba mwenzake. Nilihitaji cha mtu hai, kijana, mwenye nguvu, kimwinue tena. Nikamwomba Mungu anionyeshe. Na nikamwona anapanda mlima na nyumbu, anaimba." Sasa alikuwa amegeuka, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali. "Sikumchukia. Usije ukasema nilimchukia. Nilimtazama nikaona mtu mwenye mabega."

Oreshi alimtazama mama yake, mikono ile iliyomfundisha kushika sindano, sasa ikitetemeka juu ya shali kama ndege wawili wagonjwa. Huruma ilimjaa. Lakini chini ya huruma hasira ilikuwa pale pale, haijasogea hata inchi.

"Umemchukua wangu," akasema, "ili umbakize wako."

"Wako yu hai! Unaweza kumwona, kumshika. Mimi nimebakiwa na nini?"

"Yu hai? Nimemfunga kwenye pete ya ng'ombe, mama, upepo usimpeleke! Hiyo ndiyo unaiita hai? Baba angekuwa na mdomo pale jiweni, angekwambia nini? Hebu mtazame! Kainua mkono. Unadhani anataka kusema asante?"

Bi Mavdula akavuta shali akajifunika uso.

"Sikusamehe," Oreshi akasema. "Nimekuelewa, lakini sikusamehe. Nashuka kufumua, nikamshonee mwenyewe gizani, miguuni pake."

"Hutaweza. Ulimwekea mshono wa kurudi, naona alivyoshika, na nilikuelekeza pa kuanzia makusudi. Uzi wako umeishia ndani ya uzi wangu. Ili umtoe yeye, lazima umtoe baba yako kwanza."

Upepo ukapita korongoni, ukanyamaza.

"Ulipanga hata hilo," Oreshi akasema.

"Nililipanga hilo kuliko yote."

*

Taviro alikuwa amesikiliza. Hakukaa kwenye pete. Alikuwa ameshuka akijishikilia kwenye vichaka, Bi Keldra akimvuta kwa mkanda kama mtu anayepeleka mbuzi malishoni. Alisimama mbele ya nguzo akajitazama pale juu, na mikono yake imemshika mzee aliyekuwa hajawahi kukutana naye.

"Ore, acha," akasema.

"Wewe nyamaza."

"Nisikilize. Kule kwetu hakuna anayeangalia ukuta mtu akipita. Twende chini. Nitakuwekea chumvi kiganjani, utaniwekea, basi, tumeoana. Mama yako abaki na mumewe. Ameshampoteza mara moja."

Alisema kwa upole wa kweli, na Oreshi akaona kwamba angefanya hivyo, angeteremka mlima akiwa na mawe mfukoni bila kumlaumu mtu, na angemshukuru kila siku kwa kumfuata. Akamsogelea. Akamshika uso kwa mikono yote miwili. Walitazamana kwa muda mrefu hivi kwamba Bi Keldra, ambaye hajawahi kugeuza macho kwa lolote, akageukia mto.

"Natamani nikubali," Oreshi akasema. "Jua hilo. Usiku huu huu ningeilamba hiyo chumvi. Lakini siku utakapombeba mtoto wetu upepo ukaja, nitadaka nani? Na kwa nini tushuke mlima kama wezi, wakati walioiba wamekaa juu wanatoa miba ya samaki? Sikutaka wanipe kitu, Taviro. Nilitaka wasininyang'anye tu."

"Na baba yako?"

Oreshi akautazama ule mkono ulioinuliwa pale jiweni.

"Baba yangu hakuomba kushikiliwa," akasema.

Brukal alifika anahema, watu wawili wa daraja nyuma yake.

"Ukishuka shimoni kufumua," akasema, "hutagusa sindano tena Hadra maisha yako."

"Atashona nani, mjomba? Wewe? Nyoosha mkono tuuone."

"Misafara inapita kesho! Nguzo hii ikilegea..."

"Basi nenda ukawaambie kwa nini imelegea. Waambie kwa kinywa chako. Au kivuli chako kinafanya kazi gani, mbona kinene hivyo? Kilete, nitakishona bure."

Mmoja wa wale watu wa daraja alicheka kabla hajajizuia. Brukal akamtazama mtu wake, akamtazama Bi Keldra, akawatazama watu waliokuwa wameanza kujipanga kwenye kingo juu, soko zima limeacha biashara. Akasema tu kwamba daraja lifungwe kamba mtu asije akaumia, kana kwamba wazo lilikuwa lake, akapanda juu peke yake.

Oreshi alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya shimo aliposikia sauti nyuma yake.

"Mwanangu."

Hakugeuka.

"Ukikifumua cha baba yako, mwanga utakiyeyusha," Bi Mavdula akasema. "Nani atampokea? Niache nishuke. Nimshike kabla hajaisha. Sitakuzuia mkono. Nimshike tu."

Taviro alikuwa wa kwanza kusogea. Alimpa yule mama mkono, mkono ule mwepesi, ampeleke hadi ngazini. Bi Mavdula aliutazama mkono huo kwa muda. Kisha akaushika, na aliposikia hauna uzito, uso wake ukabadilika kwa namna ambayo maneno yote ya Oreshi hayakuweza kuubadilisha.

"Shuka," Oreshi akasema. "Lakini usiseme na mimi."

Mle shimoni walifanya kazi bila neno. Oreshi alipapasa akaupata uzi wa mama yake, legelege, umeruka matundu, uzi wa mtu aliyekuwa analia. Haukuhitaji kisu. Ulitoka kwa kuvutwa kidogo. Alihisi kivuli cha baba yake kikiporomoka kutoka kwenye jiwe, baridi, chepesi kuliko leso, akakipitisha gizani mpaka kikakuta mikono ya mama. Mikono ilikuwa imeacha kutetemeka.

Alisikia mama yake ananong'ona kitu, si kwake. Hakusikiliza. Alishika sindano ya mfupa, akatafuta kwa kidole pale mshono wake mwenyewe ulipoanza, mzuri, wa kurudi, mara mbili kila tundu, kazi bora aliyowahi kufanya maishani, na akaanza kuufumua, akiulaani tundu kwa tundu.

Daraja la Hadra sasa limefungwa. Wenye ng'ombe wanavukia mtoni, chini kabisa, na wanamtukana Oreshi wakilowa. Taviro analala kwa Bi Keldra, kwenye chumba kisicho na dirisha. Bi Mavdula hapiki tena samaki kwa ajili ya ndugu yake. Kila siku Oreshi anashuka shimoni, anafumua kipande kifupi tu, maana akiharakisha atakichana kile kivuli, halafu anapanda juu na kwenda kukaa na Taviro. Mshono aliofumua umefika begani.